Bunduki imara huishi kuliko vita



Hapa Bunia, baadhi ya familia zilizokimbia hutuuliza ni bunduki gani iliyo imara ya kulinda nyumba. Hofu yao tunaielewa. Lakini tuelezane huo uimara ni nini.

Uimara unatoka wapi?

Bunduki ya aina ya Kalashnikov ilikubaliwa na jeshi la Umoja wa Kisovyeti mwaka 1949. Ilitengenezwa isikwame kwenye matope wala vumbi. Vyuma vyake vinavyotembea ni vichache, na vimeachiwa nafasi ili uchafu usivizuie. Ndani ya mtutu hupakwa kromu ili kuzuia kutu.

Ndiyo maana silaha ya vita vya 1999 hadi 2003 inaweza bado kuua leo. Aliyeificha anaweza kufa au kuhama, nayo ikabaki ikimngoja mtoto anayelima shamba. Ikiibwa, humtumikia mwizi sawasawa na ilivyomtumikia mwenyewe. Na kambi ikijulikana kuwa na silaha, adui hupata kisingizio cha kuishambulia.

Risasi si kama bunduki

Risasi zilizokaa kwenye unyevu huharibika: nyingine hukataa, nyingine huchelewa kulipuka. Bunduki ya kienyeji inaweza kumpasukia anayeishika. Guruneti kuukuu ni hatari zaidi.

Tulichojifunza

Kati ya Septemba 2004 na Juni 2005, wapiganaji zaidi ya 15,000 waliingia katika mpango wa kuweka silaha chini hapa Ituri. Lakini bunduki zilizokusanywa zilikuwa chache sana kuliko watu. Zile zilizobaki mafichoni hazikuzeeka pamoja na vita.

Tufanye nini?

1. Ukiona risasi, bomu au guruneti, usiguse. Weka alama kwa mbali, zuia watoto, mjulishe kiongozi wa kambi au polisi ili waite wataalamu.

2. Mwenye bunduki asiibebe njiani peke yake. Kwanza kiongozi azungumze na wahusika wa P-DDRCS, programu ya serikali iliyoanzishwa mwaka 2021, wapange namna salama ya kuipokea.

3. Viongozi, msimwaibishe anayerudisha silaha. Akidhihakiwa leo, jirani yake ataficha ya kwake kesho.

Bunduki iliyoharibiwa haiwezi kuibwa wala kurithiwa. Huo ndio ulinzi tunaoweza kuwaachia watoto wetu.