Lenzi ya Kila Siku: Uliza Inaanzia Wapi

Vijana wa Garsen wanaotaka kununua kamera hunijia na swali moja: "Kaka, lenzi hii inavuta mpaka wapi?" Mimi huwauliza inaanzia wapi. Kila lenzi ya kuvuta imeandikwa namba mbili za milimita, kwa mfano 18–55 au 24–105. Namba ndogo ni upande mpana, unaoingiza vitu vingi kwenye picha. Namba kubwa ni upande mrefu, unaosogeza kilicho mbali. Dukani utasifiwa ile kubwa. Kazi zetu huku kaunti ya Tana River zinategemea ile ndogo.

Chukua harusi. Bibi harusi anapambwa chumbani, mashangazi wamemzunguka, na mgongo wako umeshagusa ukuta. Tuseme kati yako na yeye kuna mita 3. Kwa kamera nyingi za wanaoanza, lenzi ikiwa kwenye 18 utapata upana wa mita 3.7 hivi, na wote wameingia. Kamera ileile ukiifungia lenzi inayoanzia 24, upana unashuka hadi mita 2.8. Shangazi wa pembeni hayumo, na mwenye harusi atamtafuta kwenye albamu.

Hapo ndipo fedha za wengi hupotelea, kwa sababu lenzi ya 24–105 imesifiwa sana, na inastahili sifa zake. Canon walitoa ya f/4 mwaka 2005, na wapigapicha wa harusi na wa magazeti wameitegemea miaka mingi. Lakini imeundwa kwa kamera yenye kihisi kikubwa, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, chenye milimita 36 kwa 24, sawa na picha moja ya mkanda wa filamu wa zamani. Kamera za bei nafuu zina kihisi kidogo. Kwa hizo, zidisha namba za lenzi kwa 1.6 kama ni Canon, au 1.5 kama ni Nikon au Sony, ndipo ujue itakavyoona. Basi 24–105 kwenye Canon ndogo inafanya kazi kama 38–168. Upande mpana umeulipia na huupati. Mwenye kamera ya aina hiyo atafute 17–50, 18–55 au 18–135. Kuupanua upande huu kuliwachukua mafundi muda mrefu: lenzi ya kwanza ya kuvuta kutengenezwa kwa kamera za picha za mkanda wa milimita 35, Zoomar ya Voigtländer ya mwaka 1959, ilianzia 36 na kuishia 82.

Kuna sababu nyingine ya kuutetea upana, na kwangu ndiyo kubwa zaidi. Sisi ni watu wa mto mmoja. Wapokomo wanalima kandokando yake, Waorma na Wawardei wanateremsha ng'ombe kunywa maji, na mapigano ya pande hizo ya 2012 hadi mwanzoni mwa 2013 yalichukua roho nyingi katika vijiji vya delta. Tangu hapo nimepiga picha za vikao vya amani chini ya miti, na najua picha inaweza kufanya nini. Lenzi ndefu huleta vya nyuma karibu na vya mbele. Simama mbali, vuta hadi 200 au 300, na ng'ombe wanaopita barabarani nyuma ya shamba wataonekana wamo ndani ya mahindi. Watu ishirini waliosimama kwa nafasi wataonekana umati uliobanana. Hakuna aliyedanganya, lakini picha hiyo ikizunguka kwenye simu za watu jioni moja tu, ni nani atakayepita nyumba kwa nyumba kueleza mambo ya milimita? Kwa hiyo kwenye kikao huanza na upande mpana, nimekaribia, wazee wa Gasa, baraza la Wapokomo, na wazee wa wafugaji wote wamo kwenye picha moja, na nafasi iliyo kati yao inaonekana ilivyo. Uso wa mzee mmoja huufuata baadaye, kwenye 70 au 85.

Sasa mwanga. Kando ya milimita utaona herufi f na namba. Hiyo inaeleza ukubwa wa tundu linalopitisha mwanga, na namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya 18–55 inayokuja na kamera huandikwa f/3.5–5.6, maana yake ukivuta hadi mwisho tundu limebaki f/5.6, nalo hupitisha robo tu ya mwanga wa f/2.8. Ukumbini usiku, pale f/2.8 ingekuruhusu kupiga kwa sekunde 1/200, f/5.6 itakudai 1/50, na mikono ya wacheza ngoma itatoka ukungu mtupu. Kifaa cha kutuliza mtikisiko kilichomo ndani ya lenzi hutuliza mikono yako wewe, si ya anayecheza. Kama riziki yako ni harusi za usiku, jinyime ununue ya f/2.8: 17–50, au Sigma 18–50 ya mwaka 2021 ikiwa kamera yako ni ya zile zisizo na kioo ndani. Hiyo Sigma haifiki hata gramu 300. Kama kazi zako ni mchana, yaani shule, mashamba ya mpunga, mikutano ya chifu, basi 18–135 inatosha kabisa.

Mimi nimechagua 18–135 kwa ajili ya mafuriko. Mwishoni mwa 2023, na tena Aprili na Mei 2024, Tana ilipovunja kingo, kazi yangu ilikuwa ndani ya mitumbwi. Mtumbwini hubadilishi lenzi. Unahitaji 18 kwa mama aliyekaa mbele yako na watoto na magodoro, na dakika hiyohiyo unahitaji 135 kwa paa lililobaki juu ya maji. Kiangazi nacho, vumbi la barabara ya Minjila likiingia kamera ikiwa wazi, litakaa juu ya kihisi na kuweka madoa kwenye kila anga utakayopiga.

Usiitarajie lenzi hii ikupe kima. Katika hifadhi ya Tana River, iliyotengwa mwaka 1976 kwa ajili ya mbega mwekundu wa Tana na mangabey wa Tana, wanyama hao wasiopatikana nje ya misitu ya mto Tana wanaweza kuwa juu ya mti, mita 20 kutoka kwako. Kwa umbali huo, 135 kwenye kihisi kidogo inaona upana wa zaidi ya mita 3, na mbega, ukiacha mkia, hafiki mita moja. Siku hiyo azima au kodi ya 70–300. Usiinunue kwa ajili ya safari moja.

Kabla ya kununua chochote, fungua picha zako za zamani kwenye kompyuta utazame taarifa zake. Kila faili imehifadhi milimita ulizotumia. Ukikuta nyingi ziko kwenye 18, 20, 24, umeshajua fedha ziende wapi.

Ya mtumba nunua bila hofu, ila ikague. Mulika tochi upande mmoja utazame upande wa pili: nyuzi nyeupe kama za utando ni kuvu, na joto na unyevu wa kwetu utaikuza. Ielekeze chini uone kama inateleza yenyewe. Piga ukuta wa matofali kwenye namba ndogo na kubwa, kisha kuza picha uangalie pembe zote nne. Nyumbani iweke kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Usitumie mchele, una unga unaoingia kwenye pete za lenzi. Na vifuko hivyo vibadilishwe mara kwa mara, hasa kwa wenzangu wa Kipini wanaopokea pia upepo wa chumvi.