Alama ya A- na Mlango wa Udaktari

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yatangazwapo, hapakosi nyumba upande wa Njoro, Molo au Rongai ambamo mbuzi huchinjwa siku ile ile. Mtoto amepata A-. Majirani waja kumpa baba yake mkono wa pongezi, na kabla chai haijapoa mtoto ameshaitwa Daktari. Furaha hiyo ni ya haki, kwani walio wengi hawafiki alama hiyo. Lakini wageni wakishasindikizwa, yampasa mzazi akae na mwanawe wafanye hesabu, maana chuo cha udaktari hakimpimi mtu kwa wastani wake peke yake.

Hesabu yenyewe si ngumu kwa mtu aliyezoea kuhesabu debe za mahindi. A ni alama 12, A- ni 11, B+ ni 10, na kuendelea hivyo kushuka chini. Masomo saba ndiyo yahesabiwayo, hivyo jumla ya juu kabisa ni 84. Apataye 81 na zaidi hupewa wastani wa A. Kutoka 74 hadi 80 ni A-. Mwenye C+, yaani alama 46, aruhusiwa kuomba nafasi ya shahada. Wengi huidhani ruhusa hiyo kuwa ni nafasi yenyewe, na hapo ndipo machozi huanzia.

KUCCPS, ambayo ndiyo idara iwapangayo wanafunzi vyuoni, hutazama mambo mawili pamoja: jinsi mwanafunzi alivyofanya katika mtihani wote, na jinsi alivyofanya katika masomo manne yanayohusu kozi aitakayo. Kwa udaktari masomo hayo ni Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloruhusiwa kushuka chini ya B, na yote manne yakiwa A jumla yake ni 48.

Na wachukuliwe wanafunzi wawili kuwa mfano. Wote wamepata alama 78, na vyeti vyao vyote viwili vyasema A-. Wa kwanza ana A katika masomo manne ya udaktari, na B+ katika matatu yaliyobaki, yaani 48 na 30. Wa pili ana A katika Historia, Dini na Kilimo, ambazo ni 36. Lakini katika manne ya udaktari amepata A- mbili na B+ mbili, jumla 42. Kijijini hakuna awezaye kuwatofautisha, na mbuzi waliochinjwa ni sawa. Mbele ya meza ya udaktari wa kwanza amemtangulia mwenzake kwa alama sita, na katika kozi hiyo hata sehemu ndogo ya alama yaweza kumfungia mtu mlango.

Tena yuko mzazi ambaye ameyajua hayo yote, akatafuta alama ya mwisho ya mwaka uliopita, akaona ya mwanawe imeizidi kidogo, akalala usingizi. Huyo naye aangalie. Alama ya mwisho haiwekwi na mtu mapema kama bei ya sukari. Ni alama ya mwanafunzi wa mwisho aliyepata nafasi mwaka ule, na aliipata kwa sababu ya walioomba pamoja naye. Mwaka 2016, wizi wa mitihani ulipobanwa vikali na Waziri Fred Matiang'i, waliopata A nchi nzima walikuwa 141 tu. Mwaka 2024 walikuwa 1,693. Mtu aliyejipima mwaka 2024 kwa kipimo cha 2016 alijipima kwa ratili ya duka lililokwisha fungwa.

Kwa hiyo yafaa machaguo yapangwe kwa akili. La kwanza liwe lile analolitaka mtoto kwa moyo, hata kama ni Chuo Kikuu cha Nairobi ambako wengi hukimbilia. Lakini asijaze nafasi zote kwa kozi zenye msongamano ule ule. Akizikosa zote hubaki akingoja masalio. Vijana wengi wa Nakuru husahau kwamba Egerton, iliyo jirani yao, nayo hufundisha udaktari. Ajabu ni kwamba shule hiyo ya Njoro ilianzishwa mwaka 1939 kwa ajili ya vijana wa walowezi wa Kizungu wajifunze ukulima, ikawa chuo kikuu kamili mwaka 1987. Babu za vijana hawa, miaka ya hamsini, walilipita lango lake wakiwaza treni ya kwenda Kampala, ambako nafasi za Makerere zilikuwa chache mno.

Aliyekosa alama za udaktari aweza kuutazama uuguzi, au stashahada ya uganga wa kliniki katika chuo cha KMTC, ambacho kina tawi mjini Nakuru. Mganga wa kliniki ndiye amtibuye mkulima wa Kuresoi mara nyingi kuliko daktari. Baba aonaye aibu kulitamka jambo hilo mbele ya majirani ajiulize kama ni yeye au ni mwanawe anayekwenda chuoni.

Alama hizo si siri. Mwanafunzi aingiapo katika tovuti ya KUCCPS kwa namba yake ya mtihani huonyeshwa alama zake kwa kila kozi, na pembeni yake alama ya mwisho ya mwaka uliotangulia. Asiye na mashine aweza kusaidiwa katika Huduma Centre mjini Nakuru. Machaguo huruhusiwa kubadilishwa kabla ya siku ya kufunga, nayo siku hiyo haingoji mvua wala ng'ombe auzwe.