Walikataa Kuiacha Ife

Ndugu msomaji, ukifika Kaloleni, mjini Arusha, utaliona jengo la Makumbusho ya Azimio la Arusha. Humo ndimo viongozi wa TANU walimokutana mwishoni mwa Januari 1967, wakalitengeneza Azimio lililotangazwa tarehe 5 Februari mwaka ule. Neno lake kubwa lilikuwa kujitegemea. Liliwakumbusha watu kwamba fedha si mwanzo wa maendeleo. Mwanzo ni watu wenyewe na bidii yao.

Tukisikia neno hilo kujitegemea, wengi wetu hufikiri jembe, mgomba na kahawa, au darasa lililojengwa kwa msaragambo. Ni sawa. Lakini siku hizi kompyuta imefika hata vijijini mwetu. Ipo shuleni, ipo katika zahanati, ipo katika chama cha ushirika na katika ofisi ya parokia. Je, yawezekana kujitegemea hata katika chombo hicho ambacho sisi hatukukiunda? Leo nitakupa habari za watu waliojaribu. Wengine wako mbali ng’ambo, wengine ni wa hapa hapa Tanzania.

MNYAPARA ASIYEONEKANA

Kwanza tuelewane. Kompyuta yenyewe ni chuma na nyaya tu. Lazima ndani yake awepo mnyapara wa kugawa kazi. Ukibonyeza herufi, yeye ndiye anayeipeleka kwenye kioo. Ukitaka kuchapa barua, yeye ndiye anayeiamuru printa. Ukihifadhi hesabu za chama, yeye ndiye anayejua zimewekwa wapi. Programu nyingine zote ni vibarua mbele yake. Mnyapara huyo huitwa mfumo endeshi.

Ajulikanaye zaidi kwetu ni Windows, mali ya kampuni ya Microsoft ya Marekani. Maandishi yake ya asili, yaani maagizo yote yaliyomuunda, yamefungiwa na kampuni. Wewe unapewa ruhusa ya kumtumia tu, wala huwezi kumfungua ili umtengeneze. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma yake ya kawaida kwa Windows 10. Toleo linalofuata, Windows 11, linadai vipuri vipya, na kompyuta nyingi za zamani hazina. Basi chuma ni kizima, kioo ni kizima, lakini mnyapara hana tena wa kumtibu. Wezi wa intaneti wakigundua tundu, huenda asipatikane wa kuliziba.

Hapo ndipo swali linapokuja. Kitu kinachotegemewa na watu wengi kikiachwa na mwenye mali, hao wanaokitegemea wafanye nini?

KAMPUNI ILIPOUZWA

Mwaka 1990 Mfaransa mmoja, Jean-Louis Gassée, aliyekuwa mkubwa katika kampuni ya Apple, alianzisha huko Marekani kampuni iitwayo Be. Ikaunda mfumo endeshi ulioitwa BeOS. Ulikuwa mwepesi na wa haraka, na waliouzoea waliupenda sana. Mwaka 1996 Apple walitaka kuinunua Be, lakini hawakupatana bei, wakainunua kampuni nyingine. Tangu hapo Be ikazidi kudhoofika. Mwaka 2001 ikauzwa kwa kampuni ya Palm kwa thamani ya dola milioni 11, na BeOS haikuendelezwa.

Watu walioitumia wakabaki yatima. Wengine wakahuzunika, wakahamia kwingine. Lakini Michael Phipps na wenzake hawakukubali. Mwezi Agosti mwaka ule ule wakasema: tutaiandika upya sisi wenyewe, tena wazi, ili kila mtu aweze kuisoma, kuitumia na kuitengeneza.

Elewa vizuri, ndugu msomaji. Hawakupewa maandishi ya asili ya BeOS. Ni kama mtu aliyezoea kula chakula kitamu hotelini. Hoteli ikafungwa, na mpishi akaondoka bila kuacha maelezo. Yule mtu akarudi jikoni kwake, akaanza kupika na kuonja, kupika na kuonja, mpaka apate ladha ile ile. Hata hivyo hawakuanza na mikono mitupu. Travis Geiselbrecht, mhandisi aliyewahi kufanya kazi Be, alikuwa ameandika kiini cha mfumo kiitwacho NewOS, akakiacha huria. Juu ya kiini hicho wakajenga.

Mwanzoni waliuita mfumo wao OpenBeOS. Lakini jina la BeOS lilikuwa mali ya wengine, basi mwaka 2004 wakachagua jina Haiku. Haiku ni shairi fupi la Kijapani. Programu ya BeOS ya kutazamia kurasa za intaneti ilikuwa na desturi ya kutangaza hitilafu kwa mashairi ya namna hiyo, nao wakaitunza kumbukumbu hiyo.

KWENDA MBIO SIYO KUFIKA

Labda utauliza: je, wamefika? Tazama miaka. Walianza 2001. Toleo la kwanza kabisa la kuonjesha lilitoka tarehe 14 Septemba 2009. Toleo la kwanza la majaribio ya wengi lilitoka tarehe 28 Septemba 2018. La tano la namna hiyo lilitoka tarehe 13 Septemba 2024, na hata hilo hawakuliita kamili. Mtoto aliyezaliwa walipoanza alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima wa miaka 23!

Kwa nini muda mrefu hivyo? Sababu ya kwanza, wengi wao si watu wa mshahara katika kazi hii. Mchana wana kazi zao nyingine. Haiku huifanya usiku au siku za mapumziko, kwa mapenzi tu. Sababu ya pili, kila namna ya printa na kila namna ya kifaa cha mtandao hutaka maagizo yake yenyewe, na vifaa vipya hutoka kila mwaka. Sababu ya tatu, waliahidi kwamba programu za zamani za BeOS zitaendelea kufanya kazi. Ahadi hiyo imewafunga, wala hawakuivunja ili wafike upesi.

Yafaa pia ujue namna wanavyofanya kazi, maana hapo kuna fundisho. Mtu akiona hitilafu, huiandika katika daftari la wote lililo kwenye mtandao. Mwingine hujitolea kuitengeneza, huenda ni mtu wa nchi nyingine ambaye hawajaonana kamwe. Kazi yake haipokelewi mara moja. Wenzake huisoma mstari kwa mstari, humwonyesha alipokosea, naye huirudia. Ikiwa safi, ndipo inapoingizwa. Mkubwa na mdogo wote hukaguliwa. Je, katika vyama vyetu tunakubali kukaguliwa namna hiyo bila kununa?

Na fedha je? Mwaka 2003 waliunda chama kisicho cha faida, Haiku, Inc., kipokee michango. Michango hiyo ilikuwa midogo. Mwaka 2021, baada ya miaka ishirini, waliweza kumlipa mtu mmoja aifanye kazi hiyo siku nzima. Haba na haba hujaza kibaba.

Matunda yapo. Haiku yaweza kuendesha kompyuta ya zamani yenye kumbukumbu isiyofika nusu gigabaiti. Waweza hata kuijaribu kutoka kwenye flashi, bila kugusa yaliyomo ndani ya kompyuta. Lakini nisikudanganye: hiyo bado ni ya majaribio. Haifai kuipa dhamana ya hesabu za ushirika au orodha za parokia.

Kwa kazi hizo uko mfumo mwingine uliokomaa zaidi, nao ulianza vile vile kama kazi ya mapenzi. Ndio Linux. Aliuanzisha Linus Torvalds mwaka 1991, alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Finland. Kumbe leo kiini hicho kimo katika simu yako, ikiwa ni simu ya Android!

NA KISWAHILI CHETU

Usidhani mambo haya ni ya Wazungu tu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wataalamu wa kampuni ya IT+46 ya Sweden, kiliendesha kazi iliyoitwa Kilinux. Walichukua OpenOffice, programu huria ya kuandikia barua na kufanyia hesabu, wakaifasiri kwa Kiswahili. Ilibidi wakae chini na kutafuta maneno ya vitu ambavyo bibi zetu hawakuviona. Mwezi Desemba mwaka huo ikatoka Jambo OpenOffice. Kwa kuwa maandishi ya asili yalikuwa wazi, hawakuhitaji kumngoja tajiri aone kama Kiswahili kina faida.

Miaka sita baadaye OpenOffice nayo ilipatwa na msukosuko. Kampuni iliyoisimamia ilinunuliwa na kampuni ya Oracle mwaka 2010. Wengi wa waliojitolea wakaingiwa na hofu, na mwezi Septemba mwaka huo wakachukua maandishi yale yaliyo wazi, wakaendelea nayo kwa jina jipya, LibreOffice. Kiswahili kimo katika orodha ya lugha zake. Na watu wengine wa kujitolea wakaiingiza LibreOffice hata ndani ya Haiku. Umeona jinsi kazi za mikono mingi zinavyokutana?

Lakini usinielewe vibaya. Kuwa wazi peke yake hakutoshi. Kufasiri programu si kama kujenga ukuta, ukimaliza umemaliza. Ni kama palizi ya shamba. Kila toleo jipya huja na maneno mapya. Asipopatikana wa kuyafasiri, Kiingereza hurudi kwenye kioo, mstari mmoja leo, mstari mwingine kesho, mpaka shamba lote limeota magugu. Kitu kilicho wazi chaweza kumshinda mwenyewe kwa umri, lakini kwa sharti moja tu: wawepo wa kukipalilia.

WEWE UFANYE NINI?

Ikiwa shuleni kwenu au ofisini kuna kompyuta iliyowekwa stoo kwa sababu mnyapara wake amezeeka, msiitupe upesi. Tafuteni kijana anayejua, aijaribu kwa mfumo huria kutoka kwenye flashi. Lakini kabla hajaondoa kitu, wekeni nakala ya kila kilichomo mahali pengine.

Nawe kijana, usingoje kuwa mtaalamu mkubwa. Umeona hitilafu? Iandike sawasawa: ulifanya nini, kikatokea nini. Hiyo ni kazi nusu. Unajua Kiswahili safi? Wapo wanaohitaji wafasiri. Wataka kujifunza zaidi? Arusha tunacho Chuo cha Ufundi, na kule Tengeru ipo Taasisi ya Nelson Mandela. Ulizia.

Nanyi wazazi, mtoto akikaa mbele ya kompyuta jioni, msikimbilie kumgombeza kwamba anachezea wakati. Mwulizeni kwanza anatengeneza nini, na ni nani atakayefaidika. Akiwa na jibu zuri, mpeni nafasi.