Mzazi Asiyejua Kusoma Naye Aweza Kusoma na Mtoto Wake

Katika miji ya Busia na Malaba, iliyo mpakani mwa Kenya na Uganda, mtoto mdogo husikia maneno mengi tangu alfajiri mpaka usiku. Mama yake auzapo nyanya au omena hutaja bei kwa Kiswahili, na jirani yake humjibu kwa Kisamia au Kikhayo. Huko Malaba Kiteso husikika kila upande, na madereva wa malori wangojao zamu ya kuvuka huzungumza kila mtu lugha ya kwao. Hata neno "boda boda", lijulikanalo leo katika Afrika ya Mashariki nzima, lilizaliwa katika mpaka huu, kwa vijana waliokuwa wakichukua abiria kwa baiskeli kutoka kituo cha upande mmoja mpaka kituo cha upande wa pili.

Basi mtoto wa mpakani hana upungufu wa maneno. Lakini wako watoto wengi waingiao darasa la kwanza ambao hawajapata kushika kitabu cha hadithi mikononi mwao, wala hawajapata kuketi na mtu wa nyumbani kwao wakakifungua kitabu pamoja. Mtoto wa namna hiyo hukutana na kitabu kama mtu akutanavyo na mgeni asiyemjua. Mwenzake aliyekizoea tangu utotoni huwa amekwisha kumtangulia kabla mwalimu hajaandika herufi ya kwanza ubaoni.

Watu wengi hudhani ya kuwa kumfundisha mtoto kusoma ni kazi ya mwalimu peke yake. Wengine husema, "Mimi sikwenda shule, nitamsomea nini mtoto?" Tena huona haya kuingia katika maktaba, wakiogopa kuulizwa neno wasiloliweza. Makala haya yataka kueleza ya kwamba hofu hiyo haina msingi, na kwamba maktaba ifanyayo kazi yake vizuri huwapokea hata wazazi wa namna hiyo.

MASANDUKU YA VITABU

Kazi ya maktaba imebadilika sana. Shirika la vitabu la Afrika ya Mashariki, lililojulikana kwa jina la East African Literature Bureau, lilipoanza kazi mwaka 1948, lilikuwa likipeleka vitabu mashambani katika masanduku, na wasomaji wengine waliazima vitabu kwa njia ya posta. Mwaka 1965 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kuunda Shirika la Maktaba la Taifa. Kazi hizo zilikuwa njema, lakini mtu aliyenufaika hasa na sanduku lile ni yule aliyekwisha kujua kusoma. Asiyejua alilitazama tu likipita.

Siku hizi maktaba za nchi nyingi zimeona ya kuwa msomaji hana budi kuandaliwa mapema. Katika tangazo la mwaka 1994 juu ya maktaba za umma, lililotolewa na UNESCO pamoja na chama cha maktaba cha dunia, kazi ya kwanza iliyotajwa ni kujenga na kuimarisha mazoea ya kusoma kwa watoto tangu wakiwa wadogo. Miaka miwili kabla ya hapo, yaani mwaka 1992, katika mji wa Birmingham huko Uingereza, vitabu viligawiwa kwa wazazi wa watoto wachanga 300, maktaba na wauguzi wakishirikiana. Kazi hiyo ndogo ilikua, ikaenea katika Uingereza nzima.

JINSI INAVYOFANYWA

Katika maktaba nyingi iko siku ya hadithi kwa watoto wadogo. Siku hiyo mzazi hamwachi mtoto mlangoni akaenda zake sokoni, bali huketi naye mkekani. Mtunza maktaba huwaonyesha wote kitabu chenye picha kubwa, akakisoma polepole, huku akiuliza na kungoja majibu. Kisha kila mzazi hupewa kitabu kimoja, naye hujaribu na mtoto wake mwenyewe. Wakati wa kuondoka huazimwa kitabu cha kwenda nacho nyumbani.

Yale mzazi anayofundishwa si magumu. Kwanza, aulize: "Huyu ni nani?" Pili, angoje, asijibu yeye mwenyewe kwa haraka, kwa maana mtoto huhitaji muda wa kulitafuta neno. Tatu, aliongeze lile jibu. Mtoto akisema, "Mbuzi," mzazi aseme, "Ndiyo, ni mbuzi mweusi, naye anakula majani ya mihogo." Nne, aiunganishe picha na maisha ya nyumbani: "Je, mbuzi wetu alifanya nini juzi alipokata kamba?" Hapo mtoto ataanza kusimulia, na kwa kusimulia atajifunza kupanga maneno yake: kwanza hili, kisha lile, mwishowe hili.

Tazama sasa: katika mambo hayo manne hakuna hata moja linalomtaka mzazi ajue herufi. Picha husomwa kwa macho, na maneno hutoka kinywani. Bibi ajuaye hadithi za sungura na fisi anayo mali ambayo maktaba yenyewe inaihitaji.

JE, YAFAA KWELI?

Haya si maneno ya kupendeza masikio tu, kwani yamepimwa. Mwaka 1988 mtaalamu wa Marekani, Grover Whitehurst, pamoja na wenzake, walitoa habari za wazazi waliofundishwa kusoma kwa kuuliza na kujibizana na watoto wao wa miaka miwili hivi. Baada ya mwezi mmoja tu watoto wale walikuwa wamewapita kwa usemi wenzao waliosomewa kwa njia ya kawaida.

Mtu aweza kusema, "Hayo ni ya Marekani, si ya kwetu." Lakini mwaka 2020 zilichapishwa habari za jaribio lililofanywa vijijini hapa Kenya. Wazazi na walezi wa watoto wadogo walipewa vitabu vya picha vinavyolingana na maisha ya huko, nao wakafundishwa njia hiyo hiyo ya kuuliza na kungoja. Watoto wao walijua kutaja maneno mengi zaidi ya vile vitabu kuliko watoto ambao walezi wao hawakupata msaada huo. Na lililo kubwa zaidi ni hili: watoto wa walezi wasiojua kusoma walifaidika sawa na watoto wa walezi wajuao kusoma, wala si chini yao.

MAMBO YANAYOZUIA

Wengine watasema hawana nafasi. Ni kweli, maisha ya soko na ya mpakani ni ya haraka. Lakini dakika kumi jioni, wakati chakula kinapoiva, zatosha kwa kitabu kimoja kifupi. Baba naye asidhani ya kuwa kazi hii ni ya mama tu. Mtoto amwonaye baba yake ameshika kitabu hujua ya kuwa kitabu ni kitu cha heshima.

Wengine huogopa kuazima kitabu wasije wakatozwa faini kikipasuka. Hapa yafaa watunza maktaba nao waonywe. Mzazi anayekaripiwa kwa ajili ya ukurasa mmoja uliochanika hatarudi tena, na mtoto wake hatarudi. Kitabu kilichochakaa kwa kushikwa na watoto kimefanya kazi yake. Kile kilicho kipya kabatini baada ya miaka kumi hakijamfaa mtu.

Wengine huuliza watumie lugha gani. Jibu ni kwamba mzazi atumie ile anayoizungumza vizuri. Ikiwa kitabu ni cha Kiswahili au cha Kiingereza, na nyumbani huzungumzwa Kiteso au Kisamia, mzazi aeleze picha kwa lugha ya nyumbani. Mtoto aliyezoea kufikiri na kueleza katika lugha moja atapata nguvu ya kujifunza ya pili.

WANANCHI WAWEZA KUFANYA NINI

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeweka maktaba miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Elimu ya watoto wa chekechea nayo imewekwa mikononi mwa kaunti hizo hizo. Kwa hiyo mambo haya mawili yana bwana mmoja, na ni rahisi kuyaunganisha. Wananchi wa Busia na Malaba wana haki ya kusimama katika mikutano ya hadhara na kuuliza: Vitabu vya watoto wetu viko wapi? Je, sanduku la vitabu haliwezi kutoka maktaba likazunguka katika chekechea zetu, mwezi huu hapa na mwezi ujao kule? Je, siku mama wanapokuja kliniki kupima watoto uzito, hawawezi kuonyeshwa kitabu cha picha wakati wanapongoja zamu yao?

Maswali hayo si ya kudai makuu. Sanduku moja la vitabu si jengo la ghorofa.

Lakini kabla sanduku halijafika, kazi yaweza kuanza leo. Kalenda ya ukutani ina picha, na gazeti la jana lina picha. Mwite mtoto, mketishe karibu nawe, umwonyeshe kwa kidole na kumwuliza, "Hiki ni nini?" Kisha ngoja ajibu. Wahenga walisema ya kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Naye aliyelelewa kwa kuulizwa na kusikilizwa atakapofika shuleni hatakiogopa kitabu wala mwalimu.