Funza wa Nguoni na Funza wa Sakafuni

Likitajwa neno funza wengi wetu hufikiria chooni au nyama iliyooza. Ni kweli, funza wengi hula uozo. Lakini wapo wanaotutaka sisi tulio hai (na hapa hatusemi tekenya wa miguuni).

Nzi wa kwanza hutaga mayai kati ya 100 na 300 kwenye mchanga wenye mkojo, au kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini. Funza akianguliwa hungoja, hata wiki mbili bila kula, mpaka ngozi ya mtu imguse. Huingia bila kuhisiwa, akala humo siku 8 hadi 12. Mama huona jipu lenye tundu dogo katikati.

Akina mama wa Mkotokuyana, tunawaomba winda na shuka msizitandaze majanini. Zianikeni kwenye kamba juani, kisha zipigeni pasi ya moto, hasa kwenye mishono. Jipu msilikamue kwa nguvu; funza akipasukia ndani, kidonda hutunga usaha. Pakeni mafuta mazito ya mgando kuziba tundu. Akikosa hewa hujitokeza, ndipo mumtoe polepole. Likiwa karibu na jicho, au mtoto ana homa, nendeni zahanati.

Funza wa sakafuni haingii mwilini. Mchana hujificha katika nyufa za sakafu ya udongo. Usiku hunyonya damu ya aliyelala mkekani, kisha hurudi mafichoni. Kupanda hawezi. Kitanda cha kamba chatosha kumnyima chakula.