Jua la Katoro na herufi za kijivu

Saa saba mchana kando ya barabara ya Katoro, mkoani Geita, mteja wa wakala wa pesa huligeuzia jua mgongo, akakinga simu kwa kiganja na kukunja uso. Kabla hajaweka namba ya siri anataka kujua kama ni elfu hamsini au laki tano. Katika mji huu unaolishwa na dhahabu, sifuri moja ni jasho la siku nyingi za machimbo.

Mara nyingi macho yake hayana tatizo. Tatizo ni rangi.

Shirika la W3C, linaloweka viwango vya wavuti duniani, hupima tofauti ya mng'ao kati ya herufi na rangi iliyo nyuma yake. Nyeusi juu ya nyeupe hupata 21 kwa 1, na hakuna kinachozidi hapo. Maandishi ya kawaida hayatakiwi kushuka chini ya 4.5. Nyekundu kali juu ya nyeupe huishia 4. Njano juu ya nyeupe haifiki hata 1.1, ilhali njano hiyohiyo juu ya nyeusi huvuka 19. Nyekundu juu ya buluu ndiyo balaa: zote zimekolea, lakini uwiano wake ni kama 2 tu, na herufi huonekana zikitetemeka.

Hapo jua bado halijahesabiwa. Mwanga wa jua kali hufika laksi 100,000 hivi, na sehemu yake hugonga kioo na kurudi machoni, ikimwagikia herufi na rangi iliyo nyuma yake sawasawa. Nyeusi hupauka, kijivu hupotea. Mandhari meusi yanayopendwa usiku hugeuka kioo cha kujitazamia.

Simu ya kitochi haikuwa na shida hiyo. Nokia 1100 ya mwaka 2003, iliyouzwa zaidi ya milioni 250, ilikuwa na kioo kinachoutumia mwanga wa nje, kwa hiyo juani herufi zake nyeusi zilisomeka bila taabu.

Mbunifu anayejaribu programu yake ofisini tu hawezi kuiona hasara hii. Kiasi, ada na jina la mpokeaji vinastahili wino mweusi juu ya weupe. Kuviandika kwa kijivu hafifu ili vipendeze ni kumkosea mteja. Kwa sasa, simu nyingi za Android zina sehemu ya ufikivu kwenye mipangilio, ambako maandishi yanaweza kukolezwa na kukuzwa.