Kubadili Rejeta ya Gari Nyumbani: Mafunzo ya Maji ya Ozi

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakastaajabu kuona gari likiingia katika kurasa zilizozoea vina, mizani na ngeli. Sababu ni nyepesi. Uwezo wa Kiswahili wa kubeba mambo ya ufundi haupimwi katika warsha za istilahi pekee. Hupimwa pia chini ya boneti. Makala haya yananuia kueleza jinsi mwenye gari anavyoweza kubadili rejeta mwenyewe, kwa kuzingatia hasa mazingira ya Ozi, kijiji cha delta ya Tana ambako kazi hii huanza na kuishia kwenye maji.

Ozi iko kando ya mto, juu kidogo ya Kipini ambako Tana huingia Bahari ya Hindi. Zamani mlango huo ulikuwa wa mto Ozi. Mfereji wa Belezoni, uliochimbwa katika karne ya 19 zama za watawala wa Witu, ndio uliofungulia Tana njia ya kufika hapo. Bahari inapojaa, hasa wakati wa bamvua, maji ya chumvi hupanda mtoni, na mto ukipungukiwa na maji ya kutoka bara hupanda zaidi. Wakulima wa mpunga wa Ozi wamelilalamikia jambo hili kwa miaka mingi. Kinachoua mpunga hakiihurumii rejeta. Pikipiki nyingi zimesalimika kwa kuwa injini zake hupozwa kwa upepo tu. Injini za mashua nazo hufyonza maji ya mto yenyewe, lakini zimeundwa kwa hilo, na hata hizo hutakiwa kusafishwa kwa maji baridi baada ya kupita kwenye chumvi.

Rejeta ni nini basi? Ni mkusanyiko wa mirija myembamba inayopitisha maji moto kutoka kwenye injini, na baina ya mirija hiyo mna vibati vinavyoukabidhi upepo joto hilo. Za zamani zilikuwa za shaba, na fundi aliweza kuzichomelea kwa risasi. Nyingi za leo ni za alumini zenye vichwa vya plastiki. Alumini hujikinga kwa utando mwembamba sana juu yake. Chumvi huutoboa utando huo, kisha huchimba vishimo mpaka maji yatoke upande wa pili. Anayejazia maji ya mto kila juma ili kuokoa pesa anachimba tundu atakalolilipia baadaye.

Mafundi husema gari “linachemsha”. Wanaisimu wetu watanote kuwa kitenzi hiki cha usababishi kimeachwa bila yambwa, wala hakuna anayeuliza gari linachemsha nini! Lakini si kila gari linalochemsha lina rejeta mbovu. Kagua kwanza mfuniko, mipira, feni na themostati. Maji yakichanganyika na mafuta yakawa kama chai ya maziwa, yaelekea ugonjwa umo katika gasketi ya kichwa cha silinda, na rejeta mpya haitautibu.

Injini na ipoe kabisa. Maji ya rejeta hukaa chini ya shinikizo, kwa hiyo yaweza kufikia nyuzi 110 au zaidi bila kuchemka. Ukifungua mfuniko, shinikizo hushuka ghafla na maji hukurukia usoni yakiwa mvuke. Baada ya kupoa, vua waya wa hasi wa betri, maana feni ya umeme yaweza kuzunguka bila kutarajiwa. Kinga karai, fungua kizibo cha chini. Usimwage maji hayo uani: kulanti nyingi zina ethilini glikoli, sumu yenye ladha tamu, na mbuzi, paka au mtoto wataionja. Yatie katika mtungi wenye kifuniko.

Legeza klipu za mipira miwili, wa juu na wa chini. Mpira ulioganda uuzungushe, usiuchokonoe kwa bisibisi. Ulio mgumu au uliovimba ubadilishwe sasa. Gari la gia otomatiki mara nyingi huwa na vijibomba viwili zaidi vya mafuta ya giaboksi; vizibe mara tu uvichomoapo. Ondoa feni na ganda lake, fungua bolti, nyanyua rejeta wima. Iliyo mbele yake ni ya kipoza hewa. Ina gesi yenye shinikizo, iache. Kisha laza rejeta ya zamani kando ya mpya, ulinganishe urefu, midomo na mashikio kabla ya kurudisha chochote.

Kurudisha ni kufuata njia ile ile kinyumenyume, bila kukaza bolti kupita kiasi. Hapa ndipo wengi huharibu kazi njema: chumvi ya zamani ingali ndani ya injini. Jaza maji ya mvua, washa kidogo, zima, ngoja ipoe, mwaga. Rudia mpaka yatoke maangavu. Mwisho tia kulanti iliyokwisha kuchanganywa, au changanya nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa. Ukiyanunua, hakikisha hupewi asidi ya betri, kwani jina “maji ya betri” hutumika ovyo madukani. Yakikosekana, maji ya mvua kutoka tangi safi yanafaa zaidi kuliko ya kisima chenye chumvi.

Jaza polepole, washa injini ikiwa baridi na mfuniko ukiwa wazi, fungulia hita mpaka mwisho, utazame mapovu yakipanda. Mpira wa juu ukipata moto, themostati imefunguka. Ongeza kilichopungua, funga. Asubuhi ya pili, kabla ya kuwasha, pima tena kimo cha maji na upapase chini ya mipira kwa kidole kikavu.